Sura iliyojengwa kwa maiti

Jumanne iliyopita mchana, jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe, aliingia kijana wa UDOM pale steshenari ninapofanya kazi huku karibu na Jamatini, akanipa flashi akasema dada nitolee hii moja tu, A3, ya rangi, kesho naprizenti darasani. Mi nikachomeka flashi, nikafungua faili, nikaona mwanaume kapigwa picha ya kuchorwa kwa pembeni, kofia nyeusi, kola nyekundu, koti la kijeshi limejaa maandishi madogo madogo. Nikajua ni wale wafalme wa zamani wa Ulaya. Sasa kazi ya kuprinti ina kitu kimoja, kabla hujabonyeza lazima uivute picha karibu uone kama itatoka vizuri au itapasuka, maana ikitoka mbaya wino ni wako na karatasi ni yako. Nikaivuta. Shavu likawa mgongo wa mtu. Nikavuta tena, pua ikawa mtu amejikunja, paji la uso watu, kidevu watu, wote uchi, wote wamekufa, wamelaliana kama magunia.

Niliondoa mkono kwenye mausi kabisa. Nikamuuliza yule kijana hii ni nini jamani, akasema ni Napoleon dada, yule mtawala wa Ufaransa, ni picha ya kumkejeli, walimchora alivyoshindwa. Nikamprintia, akalipa, akaondoka, lakini mi nikabaki nayo kwenye skrini (alinikubalia nibaki na kopi) na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu hii picha na wenzake, usiku nikirudi nyumbani Chang'ombe, bando likiisha naunga lingine, ndo maana naandika leo.

Basi iko hivi. Picha hii ilitoka Berlin mwishoni mwa mwaka 1813, kazi ya ndugu wa ukoo wa Henschel waliokuwa wachoraji na wachapaji, na waliitoa kama salamu ya mwaka mpya wa 1814 kwa Wajerumani. Hebu fikiria kadi ya heri ya mwaka mpya yenye hiyo sura. Chini yake waliweka maelezo ya kila kitu ili mtu asije akasema hajaelewa. Kofia ni tai wa Prussia, ile dola ya Kijerumani ya Berlin, aliyemkamata kwa makucha na hamwachii tena. Uso ni maiti wachache tu kati ya mamia ya maelfu waliokufa kwa sababu ya tamaa yake ya sifa. Kola nyekundu ni mto wa damu. Koti ni kipande cha ramani ya ule muungano wa vijinchi vya Kijerumani aliokuwa ameuunda yeye mwenyewe na sasa umevunjika, na kila mji ulioandikwa pale ni mahali aliposhindwa vita. Ile nishani kifuani ni utando wa buibui ulioifunika nchi nzima, na begani, pale penye mapambo ya cheo, kuna mkono, mkono wa Mungu, unauchana ule utando na kumuua buibui aliyekaa mahali ambapo mtu mwingine angekuwa na moyo.

Hiyo ya buibui nimeirudia kuisoma mara nyingi sana.

Kwa nini 1813, kwa nini sio kabla? Napoleon alikuwa ameishika Ulaya tangu miaka ile ya 1800 mwanzoni, afisa wa mizinga aliyejipandisha mpaka akajivika taji la ufalme mwaka 1804, na ile miaka yote kule Ujerumani kumchora hivyo ilikuwa ni kujichimbia kaburi, na sisemi kwa mafumbo. Kulikuwa na muuza vitabu wa Nuremberg anaitwa Johann Palm, alichapisha kijitabu cha kulalamika jinsi Ujerumani ilivyodhalilishwa, akakamatwa, akaambiwa amtaje aliyeandika, akagoma kumtaja, wakampiga risasi pale Braunau tarehe 26 Agosti 1806. Muuza vitabu! Mtu wa dukani kama mimi hapa na mashine zangu za fotokopi. Kwa hiyo miaka yote hiyo watu waliuma meno wakanyamaza, halafu mwaka 1812 Napoleon akapeleka jeshi la watu zaidi ya 600,000 Urusi na walirudi wachache mno, halafu Oktoba 1813, tarehe 16 mpaka 19, wakakutana naye Leipzig, Prussia, Austria, Urusi na Sweden, ukijumlisha pande zote ni kama nusu milioni ya wanajeshi kwenye eneo moja, na hapo akapigwa. Miezi miwili tu baadaye picha iko sokoni. Yaani mkono uliokuwa umeshika koo za watu ulipolegea tu kidogo, kilichotoka kwanza ni picha.

Nataka niseme kidogo walivyozitengeneza maana hilo ni la kazini kwetu na limenigusa. Hawakuwa na printa wala kompyuta. Mchoraji alichukua bamba la shaba akalipaka nta, akachora juu ya nta kwa sindano, kinyumenyume, kushoto kuwe kulia, halafu bamba likaingizwa kwenye tindikali ikala shaba pale tu sindano ilipopita. Wakaosha, wakapaka wino ukaingia kwenye ile mifereji, wakafuta juu pakabaki safi, wakalaza karatasi mbichi, wakapitisha kwenye mashine ya kukandamiza. Kila kopi moja ni hiyo kazi ya wino na kufuta, upya. Halafu rangi inapakwa kwa mkono kwa brashi, moja moja, kuna watu kazi yao kutwa ilikuwa ni kupaka nyekundu ile kola tu nadhani, na ndo maana picha ya rangi bei yake ilikuwa juu kuliko isiyo na rangi. Asiye na hela alisimama nje dirishani akaangalia bure. Mi nabonyeza mara moja zinatoka hamsini na sijui hata kilichomo kwenye hizo hamsini, siku nyingi, na hilo nalisema kwa masikitiko.

Picha ilisafiri haraka sana. Ikanakiliwa nchi nyingi za Ulaya, lugha kwa lugha. London aliichukua Rudolph Ackermann, mwenye duka kubwa la picha pale mtaa wa Strand, akaitoa mwaka 1814 na maelezo ya Kiingereza, na hapa ndo kuna kitu kilichonishangaza. Maelezo yamebadilika! Kwa Waingereza yule tai wa kofia amekuwa tai wa Ufaransa amejikunyata. Buibui kule Berlin alikuwa ndiye ubaya wenyewe, London amekuwa ni macho ya majeshi yaliyoungana, yeye ndo anauma. Ule mkono wa Mungu umegeuka kuwa mkono wa Napoleon mwenyewe. Kola imekuwa Bahari ya Shamu, kama ile iliyomeza jeshi la Farao. Kila mtu alivuta picha kwake. Lakini uso haukuguswa, Berlin ni maiti, London ni maiti, hakuna aliyeweza kusema hapa tumaanishe kitu kingine.

Huyu Ackermann mwenyewe alizaliwa Saxony, sehemu ya Ujerumani, na Leipzig iko hukohuko Saxony. Baada ya vita mji ule ulijaa majeruhi na maiti kupita uwezo wake, homa inayoenezwa na chawa ikaingia ikamaliza hata raia ambao hawakushika bunduki, na Ackermann kule London akawa mstari wa mbele kuchangisha pesa za kuwasaidia watu wa Ujerumani waliobaki bila kitu. Kwa hiyo mtu aliyeuza ile sura ya maiti ndiye huyohuyo aliyekuwa anatafuta mkate wa waliobaki hai. Mi nilipolijua hilo nikamwamini.

Sasa nimuweke pembeni yake mchoraji mwingine ili mnielewe ninachotaka kusema. Waingereza walikuwa na James Gillray, fundi, hakuna ubishi, mkono wake ni wa ajabu. Yeye alianza kumchora Napoleon mapema, wakati Napoleon bado ana nguvu zake zote (Gillray alikuwa ng'ambo ya bahari, risasi za Braunau hazikumfikia), na mwaka 1803 akamchora kajitu kafupi, kamekasirika, kanapiga meza na viti mateke. Jina likawa Little Boney, Boney mdogo, na likashika. Watu walicheka miaka na miaka. Na matokeo yake hebu muulize mtu yeyote hapa mtaani, muulize bodaboda, muulize mwalimu, Napoleon unamjua? Atakwambia yule mfupi. Hata hakuwa mfupi! Alikuwa kama sentimita 168, urefu wa kawaida kabisa wa mwanaume wa Kifaransa wa wakati ule. Kwa hiyo kicheko kimetufikia mpaka Dodoma, miaka mia mbili na zaidi, na kilichobeba ni kimo, tena kimo cha uongo. Waliobaki kwenye theluji ya Urusi hawamo kwenye kicheko kile.

Hapo ndo nilipomkumbuka babu.

Babu yangu mzaa mama anaishi kijijini upande wa Mvumi. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 23, mgambo, na Idi Amin alipoingia Kagera na kutangaza kwamba kipande kile ni chake, babu alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Nimekua nikisikia ile hotuba ya Mwalimu, sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, nia ya kumpiga tunayo, babu anaijua yote kwa moyo na akifika pale sauti yake inabadilika. Alivuka Kagera, akapita Masaka, akaiona Kampala ikianguka Aprili 1979. Aliporudi nchi ilikuwa imechoka, funga mkanda miezi 18 ikawa miaka, foleni za sukari na sabuni, na yeye bega la kulia halinyanyuki vizuri mpaka leo.

Sasa Amin ninyi na mimi tumempataje, sisi tuliozaliwa baadaye? Tumempata kama kichekesho. Vipande vya video, anacheza ngoma, anapiga kodiani, amebebwa kwenye kiti na wazungu, amejipa vyeo vya kusema ameishinda himaya ya Uingereza, nishani zimejaa kifua mpaka koti linavutika. Ile telegramu aliyompelekea Mwalimu mwaka 1972 kwamba anampenda na angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa ingawa ana mvi, watu wanatumiana wanacheka. Hata mimi nimewahi kuprinti tisheti zenye sura yake, kijana alikuja na oda, tisheti kumi, sura imevimba na maneno ya utani chini, nikazipiga nikazikunja nikampa. Nikienda kijijini babu akiona vitu hivyo kwenye simu ya wajukuu anainuka anaenda kukaa nje kwenye mwembe. Tulikuwa tunadhani hapendi simu.

Jumapili nikapanda basi, nimeikunja ile A3 kwenye bomba la karatasi. Shikamoo babu, marahaba mke wangu, umeleta sukari? Nimeleta. Tukakaa, tukala ugali wa uwele na mlenda, ndipo nikamtandikia picha mezani, nikaweka vikombe kwenye pembe isijikunje. Sikumwambia chochote. Akavaa miwani. Kwanza akasema huyu ni mkubwa wa jeshi, naona kola. Nikasema ndio babu. Akainamisha kichwa, akasogea, akasogea tena, halafu akakaa kimya muda mrefu mpaka bibi akauliza kulikoni huko.

Akaweka kidole kwenye shavu, kwa mtu mmoja aliyelala chali, akaniuliza huyu anaitwa nani?

Nikasema babu hawana majina, ni mchoro.

Akasema wana majina.

Halafu akaanza kunihadithia, na jamani nina miaka 31 na hayo sikuwahi kuyasikia. Akawataja wenzake, watatu, majina na vijiji, siwezi kuwaandika hapa maana watoto wao wako hukuhuku na hawajaniruhusu, mmoja walilala naye shimo moja usiku kabla ya Masaka wakigawana sigara moja na asubuhi yeye peke yake ndo aliamka kwenda mbele. Akanihadithia raia wa Uganda waliokuwa wanatoka vichakani wakiwapokea, wanawake wanalia, kila nyumba ina mtu aliyechukuliwa usiku na hakurudi. Akanikumbusha Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye Amin alimuua Februari 1977 na serikali yake ikatangaza ni ajali ya gari, babu ni Mwanglikana wa hizi dayosisi za kwetu na anasema habari ilipofika kanisani kwao watu wazima walilia waziwazi. Makadirio yanayotajwa sana ya waliokufa Uganda miaka ile minane ni watu kama 300,000. Niliposema hiyo namba babu akatikisa kichwa tu, akasema wewe niambie tisheti yako uliweka wangapi.

Kumbe alijua kuhusu tisheti. Sikuwa na jibu na bado sina, nimeacha kuzichukua hizo oda, hilo tu ndo naweza kusema.

Nikamwambia babu ndo maana nimekuletea hii, mimi naona huyu mchoraji alifanya inavyotakiwa, hakumcheka kimo wala nguo, alimtoa sura yake akamvalisha waliokufa, yaani huwezi kumwangalia yeye bila kuwaangalia wao. Nilikuwa nimejiandaa kabisa na nilidhani atakubali. Babu akavua miwani akaifuta na shuka. Akasema ni kweli, mchoraji ana akili, na angemchora Amin hivi mwaka 1979 mimi ningenunua. Lakini angalia tena mke wangu. Hawa watu wamekufa kwa ajili yake, na hata baada ya kufa bado wanafanya kazi ya kumtengenezea yeye uso.

Nimelifikiria hilo neno kwenye basi mpaka Dodoma mjini, na usiku, na leo. Sikubaliani naye yote. Bila ile picha wale wa Leipzig na wa Urusi wangebaki namba kwenye kitabu, na mimi msichana wa steshenari Dodoma nisingekuwa nimeondoa mkono kwenye mausi. Wale Wajerumani walipokuwa wanaibandika ukutani Januari 1814, Napoleon alikuwa bado hajaachia kiti, aliachia Aprili, wakampeleka kisiwa cha Elba, akatoroka Februari 1815 akarudi na watu wengine maelfu wakafa Waterloo mwezi wa sita, ndipo wakamtupa kisiwa cha Saint Helena mpaka alipofia huko Mei 1821. Kwa hiyo walihitaji kuambiwa kabla, tena kwa nguvu, huyu ni nani na ametengenezwa na nini, na nadhani wachoraji wetu walitakiwa kutuambia hivyohivyo kuhusu Amin badala ya kutuachia zile nishani na zile ngoma. Ila babu naye ameshika kitu ambacho mi na ndugu wa Henschel wote hatukukiona, maana alikuwepo, na anawajua majina.

Nilimuuliza nimwachie picha aitundike. Akakataa, akasema usiniwekee huyo mtu ndani kwangu. Lakini wakati naondoka alinifuata mpaka barabarani na ile fimbo yake, akaniuliza ile mashine yenu ya mjini inaweza kuprinti maandishi makubwa, nikasema inaweza babu, ukubwa wowote. Akasema basi nitakutumia karatasi.

Imefika leo asubuhi kwa mtu wa daladala, kipande cha daftari la mistari kimekunjwa mara nne. Mwandiko wake wa zamani ule wa kuinama. Majina kumi na saba, na mbele ya kila jina kijiji. Nimeweka A3, herufi nyeusi, bila picha yoyote, natoa kwanza moja niangalie kama yamekaa sawa.